Dada Watano wa South Carolina na Mlango wa Chama

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la waliosoma pamoja sekondari, kaka mmoja ninayemheshimu sana aliandika: "Ninyi mlioko Marekani mmeshavuka. Huko mwanamke akitaka uongozi anagombea tu, hakuna habari za viti maalumu." Wengi wakaunga mkono, na dakika chache baadaye watu wakawa wanawasema wabunge wa viti maalumu wa nyumbani kwa majina. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikaanza kumjibu, nikafuta, nikaanza tena. Jibu likazidi kurefuka, nikaona nilete hapa.

Kaka yangu, mimi naishi South Carolina, mwaka wa tisa huu. Seneti ya jimbo hili ina viti 46. Kuanzia 2009 hadi 2012 hapakuwa na mwanamke hata mmoja mle ndani. Na katika kipindi hichohicho, Januari 2011, Nikki Haley aliapishwa kuwa mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa South Carolina. Gavana mwanamke, Seneti ya wanaume watupu. Ndiyo maana siridhiki mtu akinitajia mwanamke mmoja aliyefika kileleni na kuona hoja imekwisha. Kila uchaguzi wa rais macho yote yako Ikulu ya Washington, lakini sheria zinazomgusa mwanamke wa huku, shule ya mtoto wake, hospitali anayojifungulia, zinatungwa Columbia, makao makuu ya jimbo, kwenye jengo lenye kuba la shaba ambalo mimi napita karibu yake kila nikienda kazini.

Aliyevunja ukimya ule wa miaka minne ni Katrina Shealy, mwanamke wa Lexington, wa chama cha Republican. Mwaka 2012 jina lake liliondolewa kwenye kura za maoni za chama pamoja na wagombea wengine wengi kwa sababu ya mkanganyiko wa fomu. Hakurudi nyumbani kulia. Alikusanya saini za wapiga kura, akaingia kwenye uchaguzi mkuu bila tiketi ya chama, akamwangusha seneta aliyekuwa madarakani. Alipoapishwa alikuwa mwanamke peke yake kati ya watu 46. Mwaka 2015 ikaripotiwa kwamba seneta mwenzake alisema mwanamke ametoka kwenye ubavu, na ubavu ni nyama ya daraja la chini. Baadaye likaelezwa kuwa ni utani. Nimewahi kuwa mwanamke peke yangu kwenye chumba cha mkutano, na najua utani wa namna ile unavyomkaa mtu mwili mzima hadi usiku.

Polepole wakawa watano. Shealy, Sandy Senn na Penry Gustafson wa Republican, Margie Bright Matthews wa Democratic, na Mia McLeod aliyekihama chama cha Democratic mapema 2023 akabaki bila chama. Watano kati ya 46, katika jimbo ambalo wanawake ni zaidi ya nusu ya watu wake. Aprili 2023 uliletwa muswada wa kupiga marufuku utoaji mimba karibu kabisa. Mimi nimelelewa katika nyumba ambamo jambo hilo halizungumzwi, na sitabishana nalo hapa. Ninachotaka mkione ni walichofanya. Walisimama mmoja baada ya mwingine, siku kadhaa, wakazungumza mpaka muswada ukakwama, wakisaidiwa na baadhi ya wanaume. Shealy anasema waziwazi kwamba yeye ni mtetezi wa uhai, yaani anapinga utoaji mimba. Alichokataa ni wanaume kukaa na kuamua jambo la mwili wa mwanamke bila kuwasikiliza wanawake walioketi nao chumba kimoja. Wanaharakati wanaopinga utoaji mimba wakawapelekea wale wa Republican mifano ya uti wa mgongo ya plastiki, kuwaambia wawe na msimamo. Watu wakaanza kuwaita "maseneta dada".

Mwezi Mei ukaja muswada mwingine, wa kuzuia utoaji mimba baada ya wiki sita hivi za ujauzito. Ukapita kwa kura 27 dhidi ya 19. Wanawake wote watano walikuwa kwenye ile 19.

Halafu angalia mahakama, maana hapa ndipo wengi hawaunganishi. South Carolina ni moja ya majimbo mawili tu ya Marekani, pamoja na Virginia, ambako majaji huchaguliwa na bunge la jimbo. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikuwa imeifuta sheria ya awali ya wiki sita kwa majaji watatu dhidi ya wawili, na aliyeandika hukumu iliyoongoza alikuwa Jaji Kaye Hearn, mwanamke pekee mle. Akafikisha miaka 72, umri wa lazima wa kustaafu. Bunge likachagua mwanamume kuchukua nafasi yake. Agosti mwaka huohuo mahakama ya wanaume watupu ikaipitisha sheria mpya, wanne kwa mmoja. Nakubali kwamba mwaka 2024 bunge lilimchagua Letitia Verdin, kwa hiyo leo yumo tena mwanamke mmoja. Lakini asiye na watu bungeni hana watu mahakamani, na bungeni ni vigumu kuingia bila kupitishwa na chama.

Oktoba 2023 wale watano walipewa tuzo ya ujasiri ya maktaba ya Rais Kennedy kule Boston. Juni iliyofuata Warepublican wote watatu walikuwa wameondolewa. Wote. Wala hawakuangushwa na chama pinzani. Waliangushwa kwenye kura za maoni za chama chao wenyewe. Gustafson alishindwa tarehe 11 Juni. Senn alishindwa kwa kura zisizofika 40, zikahesabiwa upya, matokeo yakabaki yaleyale. Shealy aliongoza duru ya kwanza, lakini hapa mgombea lazima avuke nusu ya kura, kwa hiyo akapelekwa duru ya pili wiki mbili baadaye, na huko akaanguka. McLeod hakugombea tena. Leo kwenye Seneti hii wamo wanawake wawili, Bright Matthews na Tameika Isaac Devine, wote Democratic. Chama kinachotawala hapa, Republican, hakina seneta mwanamke hata mmoja. Shealy alikuwa mwenyekiti wa kamati ya familia na maveterani. Uenyekiti wa kamati kwa kawaida unakwenda kwa chama chenye wingi.

Sasa, kaka, wewe na mimi tumekulia mahali ambapo jambo hili halihitaji mwalimu. Chama kikishika eneo, kikisimamisha hata jiwe, jiwe litapita. Kwenye ngome ya chama uchaguzi unaishia kwenye kura za maoni. Siku ya uchaguzi mkuu watu wanakwenda kuthibitisha tu. Lexington ndivyo ilivyo. Na kura za maoni za Juni, joto limewaka, shule zimefungwa, wanaokwenda ni wachache, na katika uchache huo kundi lililokasirika na kujipanga lina nguvu kuliko mtaa mzima uliolala. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hapa mpiga kura haandikishwi kwa chama. Yeyote aliyejiandikisha anaweza kuchagua kura za maoni za chama anachotaka siku hiyo. Wanawake waliowashangilia wale dada mitandaoni, wengi wangeweza kuingia kituoni na kuwapigia. Senn alihitaji watu wasiojaza hata basi moja la shule.

Namkumbuka mama yangu. Kila chama kilipokuwa na mkutano kwenye kata yetu, mama ndiye aliyekesha na masufuria. Pilau, maji, viti vya kuazima msibani, kuwahamasisha kina mama waje na khanga zao na nyimbo zao. Mwaka mmoja akachukua fomu ya udiwani. Kwenye kura za maoni akaongoza. Majina yalipokwenda juu na kurudi, la kwake halikuwamo, na hakuna aliyekuja kumweleza sababu. Wiki ileile walikuja kumwomba apike kwa ajili ya ziara ya mgombea. Akapika. Nilimwona anapepea moto huku machozi yanamtoka, akasema ni moshi.

Na huku nimemkuta mama yangu mwingine. Kwenye kituo cha wazee ninakofanya kazi kuna bibi mmoja, Mzungu, Republican wa damu, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alikichangamsha chama kwenye mtaa wake: kupiga simu, kuoka keki za kuchangisha fedha, kuwapeleka wapiga kura vituoni kwa gari lake. Nilimuuliza kama aliwahi kufikiria kugombea. Akanitazama kama nimemuuliza kama aliwahi kufikiria kuruka angani. "Hakuna aliyeniomba," akasema. Alikuwa mtu mzima tayari mwaka 1969, mwaka ambao South Carolina hatimaye iliridhia rasmi marekebisho ya katiba ya 1920 yaliyowapa wanawake haki ya kura. Mwaka 2024 alimpigia Shealy kwa kura ya posta, duru zote mbili. Matokeo yalipotoka hakutaka chakula cha jioni.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Vyama vya Marekani havijawahi kukosa nafasi ya mwanamke. Democratic tangu 1920 na Republican tangu 1924 wamekuwa na utaratibu wa kila jimbo kupeleka kwenye kamati ya taifa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Hivyo ni viti maalumu, kaka, vina umri wa miaka mia moja, vimewekwa ndani ya chama. Mwanamke anakaribishwa mezani kupanga mkutano na kuchangisha. Pale penye jina kwenye karatasi ya kura anaachwa apambane mwenyewe, na akiingia kisha akapingana na wakubwa, hakuna wa kumkinga.

Nitaambiwa walishindwa kwa sababu ya msimamo wao, wala haihusiani na uanamke wao. Ni kweli, wapiga kura wana haki ya kumwondoa anayewapinga, na sitaki haki hiyo iguswe. Lakini msimamo wenyewe waliupata kwa kuishi kama wanawake, na walipoondoka hakubaki kwenye chama chao seneta hata mmoja anayeyajua mambo hayo kwa mwili wake.

Fedha nazo zina sehemu yake: mshahara wa mbunge wa huku, ukiacha posho, ni dola 10,400 kwa mwaka, na mama mwenye watoto wadogo hawezi kuishi kwa hizo.

Majimbo mengine yamefika mbali. Nevada mwaka 2019 ilikuwa ya kwanza kuwa na bunge la jimbo lenye wanawake wengi kuliko wanaume, na Seneti ya New Hampshire ilikuwa imefanya hivyo miaka kumi kabla. Kwa hiyo inawezekana, na inaniuma zaidi kujua kwamba inawezekana.

Hata hapahapa ilianza zamani. Mary Gordon Ellis, aliyekuwa msimamizi wa shule za kaunti ya Jasper, alisukumwa nje ya kazi kwa kuzijali shule za watoto weusi, wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa kosa machoni pa wakubwa. Akagombea. Mwaka 1928 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Seneti ya South Carolina. Leo sehemu ya Jasper imo kwenye kiti cha Bright Matthews, alichokipata mwaka 2015 baada ya Seneta Clementa Pinckney kuuawa kanisani Charleston pamoja na waumini wenzake wanane.

Kiti cha Lexington kitapigiwa kura tena mwaka 2028, kura za maoni zikiwa Juni. Fomu yangu ya uraia nimeituma wiki iliyopita. Bibi wa kituoni ameniambia nikishaapa nimwambie mapema, yeye ndiye atakayenionyesha kituo cha kupigia kura kilipo.