Msisubiri tumbo liume

Makala moja kuhusu sumu ya risasi (metali ya kwenye betri za magari na rangi kuukuu, si risasi ya bunduki) inawashauri wazazi wa maeneo ya Unga Limited na Mbauda wampeleke mtoto hospitali akianza kuumwa tumbo na kutapika. Hapo mmeshachelewa. Floraidi ya maji yetu ya Arusha huacha madoa kwenye meno, kila mtu anayaona. Sumu ya risasi kwa kawaida haionekani. Mtoto anacheza kama kawaida huku uwezo wa kujifunza na kutulia darasani ukishuka, na madhara ya ubongo hayarudi nyuma hata kiwango kwenye damu kikishuka.

Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na akipungukiwa madini ya chuma hufyonza zaidi. Ombeni kipimo cha risasi kwa damu ya mshipa. Tone la kidoleni hudanganya mkono ukiwa na vumbi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka chanzo kitafutwe kuanzia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu. Dawa ya kunasa risasi kwa mtoto huanza kwenye mikrogramu 45, na akirudishwa palepale penye vumbi, kiwango kinapanda tena.

Mafundi betri, ovaroli na viatu vibaki gereji, na muoge kabla ya kumbeba mtoto. Nyumbani pigeni deki kwa kitambaa chenye maji, ufagio mkavu hurusha vumbi tu. Rangi kuukuu msiikwangue kwa msasa mkavu. Kuchemsha maji hakuondoi risasi (wala floraidi, kwa taarifa yenu). Maji yakipungua, kilichobaki kinakolea.