Tatizo la mshale wako liko mkiani, acha kubadilisha vigumba

Nimekasirika tangu wiki iliyopita na bado sijatulia, kwa hiyo ngoja niandike. Kuna kijana tunalenga naye shabaha, kanunua krosibou yake ya kwanza, ule upinde wenye kitako na kifyatuo kama bunduki, baada ya kujinyima miezi kadhaa, ana mkono mtulivu na anasikiliza. Akitumia ncha za mazoezi, mita 30, mishale yake mitatu unaifunika kwa kiganja. Siku aliyofunga vigumba vya kuwindia, yaani vichwa vya mshale vyenye makali, vile vya nyembe tatu zisizokunjuka, mshale wa kwanza ukaenda kushoto, wa pili juu, wa tatu ukaikosa shabaha kabisa tukautafuta kwenye majani nusu saa. Akauliza kwa watu wazima waliokuwepo pale, akajibiwa anunue vigumba vingine vya bei, au atafute krosibou yenye kasi zaidi. Basi. Kijana akaondoka anapiga hesabu ya hela ambayo hana, na hakuna hata mmoja aliyemwambia geuza mshale wako utazame mkia.

Mi niliugeuza. Manyoya matatu ya plastiki, inchi 2 kila moja, mafupi kwenda juu, tena yamebandikwa yamenyooka kabisa kama reli. Kwa ncha ya mazoezi hayo yanatosha, ile ncha ni laini haina pa kushikwa na upepo, hata mkia ukiwa mzembe mshale utafika. Ila ukishafunga kigumba cha nyembe pana umeweka mabawa mbele ya mshale, na mabawa hayo yanataka kuuendesha, mshale ukitoka umeinama hata kidogo tu yanaushika upepo na kuuvuta pembeni. Kinachobaki kubishana nayo ni manyoya ya nyuma. Manyoya yakiwa dhaifu kuliko kigumba, mbele ndiyo inaamua njia. Hiyo ndiyo habari yote, na inaniuma kwamba watu wanaiacha wanakimbilia dukani.

Halafu krosibou ina shida yake ambayo wenzetu wa upinde wa kawaida hawaijui sana, mshale wake ni mfupi. Chukua wa inchi 20 na kigumba chake, uulaze juu ya kidole kimoja mpaka utulie. Tuseme umetulia inchi 13 kutoka mkiani. Maana yake kigumba kiko inchi 7 mbele ya kidole, na manyoya, ukitoa nafasi ya noki, kile kipande cha mwisho wa mkia kinachokaa kwenye kamba, yako kama inchi 11 nyuma yake. Mshale mrefu wa inchi 29 unaotulia kwenye inchi 18 una manyoya yaliyo inchi 16 nyuma. Ni kama kufungua mlango, ukisukuma mbali na bawaba unafunguka kwa kidole, ukisukuma karibu unatoa jasho. Sisi wa krosibou tunasukuma karibu na bawaba, kwa hiyo nyoya letu lazima lifanye kazi kubwa zaidi, halafu ndio sisi tunaouziwa manyoya madogo kwa sababu yanaongeza kasi!

Na hiyo kasi jamani. Nguvu ya hewa inapanda kwa mraba wa kasi, ukitoka futi 300 kwa sekunde ukaenda 400 nguvu inaongezeka kama asilimia 78, na inaongezeka kwenye kigumba vilevile kama kwenye manyoya. Hujarekebisha kitu, umechukua mshale uliokuwa unabishana wenyewe kwa wenyewe ukaongeza sauti ya ugomvi. Ndiyo maana mtu ananunua krosibou ya kasi kubwa halafu vigumba vinatawanyika kuliko mwanzo na anabaki kulaumu darubini.

Sasa nichague nini? Mi nasimama hapa: kwa kigumba kisichokunjuka, weka manyoya yaliyosimama juu, magumu kiasi, inchi 2 hadi 3, na uyabandike mshazari, digrii 2 au 3 zinatosha, au yawe na msokoto kidogo kama kifaa chako cha kubandikia kinaruhusu. Mshazari unaufanya mshale uzunguke, na mshale unaozunguka hauachi ubaya wa kigumba uvute upande mmoja tu, leo uko kushoto, kufumba na kufumbua uko kulia, kosa linagawanyika kuizunguka njia na mshale unaendelea mbele. Hata mwelekeo wa kuzunguka usikuumize kichwa, kulia au kushoto chagua mmoja, mishale yote iwe sawa.

Hapa kuna mtego lakini, na mimi ulinishika. Mshale wa krosibou unalala juu ya reli, ile sehemu ndefu yenye mfereji katikati, na nyoya moja, lile la rangi tofauti, linakaa chini ndani ya mfereji. Ukiweka nyoya refu lenye msokoto mkali, sehemu yake ya nyuma inagusa ukingo wa mfereji wakati wa kutoka, ukaharibu kila kitu kwa mkono wako. Nilifukuzana na tatizo hilo wiki mbili, nikabadilisha vigumba, nikabana skrubu za darubini, wapi. Mwisho nikachukua poda ya miguu ile ya kupuliza, nikapulizia manyoya na reli mpaka vikawa vyeupe, nikafyatua mara moja. Kwenye nyoya la chini, nyuma kabisa, poda ilikuwa imekwanguliwa mstari mwembamba kama kucha ya mtoto imepita, na kwenye ukingo wa mfereji kulikuwa na alama inayolingana nayo. Milimita chache tu hizo. Nikabandua, nikapunguza mshazari kutoka digrii 4 hadi 2, alama ikatoweka na vigumba vikarudi kukaa pamoja. Kwa hiyo fanya jaribio hilo kabla hujanunua chochote, linachukua dakika tano.

Mengine kwa haraka. Manyoya halisi ya ndege ni mepesi na yanashika hewa vizuri sana, yakigusa kitu yanalala halafu yanasimama, ila mvua ikinyesha yanalowa na kunywea, na lazima yote matatu yatoke bawa la upande mmoja. Kabla ya kubandika futa mshale kwa spiriti na usiuguse tena kwa vidole, mafuta ya mkono ndiyo yanayobandua manyoya mnayosema gundi mbovu. Zungusha mshale mezani, kigumba kikiyumba usilaumu manyoya. Habari ya kupanga nyembe zilingane na manyoya mi siipi muda. Noki tumia aina aliyosema mtengenezaji wa krosibou yako, na ukibandika upya hakikisha imekaa sawasawa na lile nyoya la chini, maana kamba ikipita juu au chini ya mshale krosibou inafyatuka tupu, na hiyo inavunja vyuma na inaumiza watu. Uzito wa mshale pia usishuke chini ya kiwango alichoandika.

Haya, nikubali. Vigumba vya kukunjuka, vile ambavyo nyembe zake hufunguka zikigonga, vinaruka karibu sawa na ncha za mazoezi hata kwa manyoya madogo, ni kweli, nimeona kwa macho yangu. Na manyoya makubwa yanapunguza kasi kidogo, yanapiga kelele kidogo, na upepo wa pembeni unayashika zaidi. Sawa. Mtu anayetumia vigumba hivyo na amevijaribu mwenyewe kwenye shabaha sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na anayefunga nyembe zisizokunjuka mbele ya manyoya ya mapambo halafu anaingia porini kwa sababu ncha ya mazoezi ilipiga katikati.

Maana mimi nimeshatembea nyuma ya nguruwe pori aliyepigwa hivyo. Haukuwa mshale wangu, nilikuwa nimeitwa kusaidia kufuata damu. Mwenye mshale alilenga nyuma ya bega, umbali haukuwa mkubwa, mshale ukaingia tumboni. Tulifuata tangu saa kumi jioni mpaka giza, damu yenyewe tone hapa, tone hatua ishirini mbele, nyeusi imechanganyika na majani aliyokula, tulimkuta saa tatu usiku kwa tochi bado anapumua. Sitaki kuelezea sauti ile. Kesho yake nikaomba kuona mishale iliyobaki kwenye podo, manyoya mafupi yamenyooka, moja limeachia gundi upande wa mbele limesimama kama ulimi. Mwenyewe aliniambia hajawahi kuvifyatua vile vigumba hata mara moja kwenye shabaha, aliogopa kuviharibu makali. Kigumba kimoja akitoe sadaka kwa mazoezi, kimoja tu! Mnyama yule angekufa kwa sekunde.

Kwa hiyo kijana wetu sikumwacha anunue kitu. Tulikaa naye jioni, tukakwangua manyoya ya mishale minne kwa kisu butu taratibu tusikwaruze mshale, tukafuta, tukabandika mapya ya inchi 2 na nusu yaliyosimama, mshazari digrii 2. Tukaipumzisha usiku mzima gundi ikauke. Asubuhi poda kwanza, hakuna alama. Kisha vigumba vilevile alivyoambiwa feki, mita 30, akafyatua mmoja, akatulia, wa pili, wa tatu. Nikamwambia wa nne abaki nao maana ya pili na ya tatu ilishakaribiana kiasi kwamba wembe mmoja ulikata nyoya la mwenzake, na hilo nyoya inabidi alibandike upya mwenyewe leo jioni, mimi nikimtazama tu.