Siku Nilipogeuzwa Boya

Kanuni za mbio za matanga hupitiwa upya kila baada ya miaka 4, na zinazotumika sasa ni za 2025 hadi 2028. Ombi langu kwa World Sailing, wenye kuzitunga, ni moja tu: kabla hawajaandika za 2029, waje Kunduchi wapakizwe kwenye ngalawa ya mzee mmoja ninayemfahamu. Wakirudi nchi kavu ndipo washike kalamu.

Mimi ni mwalimu wa michezo, shule ya msingi. Bahari na mimi tunaheshimiana: yeye haji shuleni kwangu, mimi siendi kwake kupita maji ya kiunoni. Lakini shemeji yangu ana marafiki wapenda matanga, marafiki hao wakaandaa mashindano ya Jumamosi na Jumapili, na wakakosa mtu wa kushika saa.

"Shemeji, wewe si umesimamia UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi? Hii ni riadha tu, ila inakimbiwa majini. Na pilau ipo."

Pilau ikaamua.

Nikakabidhiwa kitabu cha kanuni na ndoo ya bendera. Kuanzisha mbio za matanga si kama mita 100, useme jiandae, tayari, nenda. Dakika 5 kabla, bendera ya aina ya vyombo inapanda, honi moja. Dakika 4, inapanda bendera P, ya buluu yenye mraba mweupe katikati. Dakika 1, P inashuka kwa honi ndefu. Muda ukitimia, ile ya kwanza inashuka na watu wanaondoka. Muda wote huo vyombo havisimami mstarini. Vinazungukazunguka na kutukanana kwa adabu, maana chombo cha tanga hakina breki. Anayevuka mstari mapema anarudi kuanza upya.

Ndani ya ndoo ileile kuna bendera S, nyeupe yenye mraba wa buluu. Yaani P iliyovaliwa nje ndani. S maana yake mbio zimefupizwa. Aliyezibuni hajawahi kuzitafuta kwa mkono mmoja, saa iko mkono wa pili, boti inayumba na Mwenyekiti wa kamati anahesabu kwa sauti, "Nane, saba, sita, Mwalimu bendera!"

Jumamosi ilipita salama, isipokuwa honi yetu ya gesi ilikata roho kabla ya adhuhuri. Mwenyekiti hakutetereka. Alinisomea kanuni kwamba wakati unahesabiwa kwa bendera, honi isipolia haidhuru. Hata hivyo nikatoa firimbi yangu ya shuleni, na nikiipuliza, watu wazima wenye magari makubwa walikuwa wanaacha kuongea. Kitu kilichonisumbua ni alama tu. Wa kwanza anapata 1, wa pili 2, na bingwa ni mwenye alama chache kuliko wote. Ninao wanafunzi darasani ambao kwa hesabu hiyo wangekuwa mabingwa wa taifa.

Jumapili kusi likavuma vizuri. Vyombo 14 aina ya Laser, tanga moja, mtu mmoja, urefu mita 4 na kidogo, vikaondoka mstarini vikipiga bisha, yaani kwenda zigizaga dhidi ya upepo, kuelekea boya la juu, lile la upande upepo unakotokea. Boya lenyewe ni mfuko mkubwa wa rangi ya chungwa uliojazwa upepo, umefungwa nanga. Unaliacha mkono wako wa kushoto, unageuka, unarudi na upepo mgongoni. Mimi nikafungua chupa ya maji, nikijua nina muda wa kupumzika.

Mwenyekiti alikuwa na darubini. Akaishusha, akaifuta, akaipandisha tena.

"Mwalimu, lile boya linatembea."

Nikatazama. Kweli, boya letu lilikuwa safarini. Mbele yake kulikuwa na ngalawa yenye tanga lenye viraka, inakata maji bila papara kuelekea pwani ya wavuvi, na boya linafuata nyuma. Nyuma ya boya ikafuata safu ya washindani. Walikuwa wameambiwa walizunguke boya la chungwa, na wao ni watu wa kufuata maelekezo.

Boti ya uokozi haikuwepo karibu. Shemeji alikuwa ameipeleka mbali, anamwopoa kijana wa chuo aliyepinduka. Tukapuliza firimbi, tukapunga bendera ambazo hazina maana yoyote kitabuni. Mzee wa ngalawa akatuona, akageuza omo, yaani pua ya chombo, akaja kwetu. Lakini njiani alisimama kidogo, akainama, akashughulika na kitu.

Alipofika ubavuni alikuwa anatabasamu kwa fadhila.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Watu wa nyumbani? Haya, boya lenu hili lilikuwa limepotea. Nimeliokota kule nje peke yake, hana mtu." Akanyanyua kitu kilichokunjwa vizuri, kidogo kuliko mkoba wangu. "Nimelitoa upepo ili lipate nafasi. Na nanga yenu hii. Kamba sikukata, nimefungua fundo. Sasa hapo kuna kiokozi."

Pampu ilikuwa nchi kavu. Washindani walikuwa baharini, wanazunguka bila boya. Kuahirisha haikuwezekana, maana maelekezo yalisema baada ya saa 9 alasiri hakuna mbio mpya, na ilikuwa imebaki kama nusu saa. Mwenyekiti akafungua kanuni ya 34. Nilimwona uso unamng'aa, nikajua nimekwisha.

Kanuni hiyo inasema boya likipotea, kamati ilirudishe mahali pake. Ikishindikana, iweke kitu kingine badala yake, kinachopeperusha bendera M na kutoa sauti za kurudiarudia.

"Kitu chochote?" nikauliza.

"Chochote." Akatazama ngalawa. Akatazama firimbi shingoni mwangu. "Mwalimu, vaa jaketi."

Mzee alikubali mara moja, kiokozi kikiongezwa nauli. Bendera M, ya buluu yenye X nyeupe, tukaifunga juu ya mlingoti, na mimi nikakaa katikati ya ngalawa, nimeshika mbao kwa mikono miwili na firimbi kwa meno. Tulipofika mahali Mwenyekiti alipotuelekeza kwa kupunga, mzee akatupa nanga, akakusanya tanga. Nikaanza kazi ya uboya. Fii. Fii. Fii.

Washindani wakaelewa haraka, hilo nawasifu. Wakageuka wote, wakaja.

Hapo ndipo mila mbili za bahari zilipokutana. Mshindani wa matanga anataka apite karibu na boya kadiri awezavyo, kwa sababu kila mita ya ziada ni mita aliyompa mwenzake. Mvuvi wa Kunduchi, akiona chombo kinamjia kwa kasi, anampisha. Ameishi mpaka uzee kwa njia hiyo.

"Mwalimu, hawa hawatuoni?"

"Wanatuona, mzee. Wanatujia sisi."

"Sisi tumewakosea nini?"

Sikuwahi kujibu. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno, amelala nje ya chombo chake, macho mekundu kwa chumvi, na mzee kwa uungwana akalegeza amari, kamba ya nanga. Ngalawa ikarudi nyuma. Daktari akapita mbele yetu kwa raha, nafasi tele. Wa pili na wa tatu vilevile. Mzee akiwapungia mkono kila mmoja, "Piteni, piteni." Walipopita akaanza kuvuta amari turudi mahali petu, na saa hiyohiyo anakuja mhasibu mmoja aliyekuwa amepiga hesabu yake vizuri kabisa, apite shubiri moja kutoka kwetu. Boya likamkimbilia mbele. Ilibidi apige bisha mara mbili zaidi, na alipokuwa anatuzunguka alinitazama kwa jicho ambalo sijatazamwa nalo hata na wazazi siku ya matokeo.

Fii, nikasema. Sikuwa na cha ziada.

Kisha wakaja kundi, sita au saba pamoja. Kanuni inasema wakiingia ndani ya urefu wa vyombo vitatu kutoka boyani, wa nje ampe wa ndani nafasi ya kuzunguka. Kwa Laser hiyo ni kama mita 12. Sasa jiweke wewe katikati ya hizo mita 12. Wote wanapiga kelele "Nafasi! Nafasi!" na mzee anawajibu, "Ipo, nawapa, subirini!" huku amari inakwenda na kurudi mikononi mwake.

Mbio zilikuwa mizunguko miwili, kwa hiyo katikati tukapata utulivu. Mzee akatoa mshipi, akaweka chambo, akaufunga kwenye tengo, mti wa pembeni wa ngalawa.

"Mzee, sisi ni boya."

"Boya halili?" Akatega. Baada ya muda akanigeukia. "Hiyo firimbi, mwanangu. Samaki wanakimbia."

"Kanuni inataka sauti za kurudiarudia."

"Rudiarudia polepole."

Nikapuliza kwa upole, na siku njema huonekana: mshipi ukakaza. Mzee akashika, akasema "Kolekole huyo," na kwa dakika ile ya furaha tukasahau sote kwamba daktari wa meno alikuwa amemaliza mzunguko na anatujia tena. Usukani wake ukanasa mshipi. Chombo kikageuka ghafla, daktari akashika kila kilichokuwa karibu, mshipi ukakatika, na kolekole akaenda zake na ndoana mdomoni. Daktari akajinasua, akaendelea na mbio. Nyuma yake mhasibu, ambaye alikuwa amesubiri kitu kama hicho tangu mzunguko wa kwanza, akapaaza sauti ya kushtaki: "Protesti!"

Mzee akaniuliza huyo anamwita nani.

Kikao kilifanyika jioni chini ya mti wa mkungu, wajumbe watatu, sahani za pilau zimesogezwa pembeni. Mashauri yalikuwa mawili. La kwanza, mhasibu alitaka arekebishiwe matokeo, kwa kuwa ameshuka nafasi kwa kosa la kamati wala si lake. Nikaitwa shahidi. Nadhani mimi ndiye boya pekee lililowahi kuhojiwa.

"Mwalimu, ulihama?"

"Nilihamishwa."

"Wenzangu liliwapisha," mhasibu akasema, sauti inatetemeka, "mimi lilinikimbia!"

Wakampa wastani wa alama za mbio zake nyingine, kitu ambacho kanuni zinaruhusu, akakaa.

La pili lilikuwa gumu. Anayegusa boya lazima ajiadhibu kwa kuzungusha chombo chake mzunguko mmoja, na daktari hakuzunguka. Utetezi wake ulikuwa wa kisomi: yeye amegusa mshipi, hakugusa boya. Kitabu kikafunguliwa. Kamba ya nanga si sehemu ya boya, hiyo iko wazi. Lakini kitu kilichofungwa kwenye boya kwa makusudi ni sehemu yake. Basi kesi nzima ikaegemea kwa mzee, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akila pilau ya watu kwa utulivu.

"Mzee," Mwenyekiti akamwuliza, "ule mshipi pale kwenye tengo, ulijifunga kwa bahati mbaya, au uliufunga kwa makusudi?"

Daktari akamtazama mzee kwa matumaini. Neno moja tu lingemwokoa.

Mzee akaweka kijiko chini. "Mwanangu, mimi baharini nimeingia wewe bado hujazaliwa. Unadhani mishipi yangu hujifunga yenyewe?"

Daktari akaenguliwa. Vyombo vilikuwa 14, akaandikiwa alama 15, na ubingwa ukaenda kwa kijana wa chuo aliyepinduka. Alikuwa bado amejifunga taulo.

Watu wakaanza kuinuka. Mzee akanivuta mkono.

"Mwalimu, na mimi nina shauri. Ndoana, mshipi, kolekole."

Muda wa kuwasilisha malalamiko ni saa 2 tangu chombo cha mwisho kimalize mbio. Nikatazama saa, zilibaki dakika chache. Nikachukua fomu, nikamjazia. Jina la chombo: Ngalawa. Namba ya tanga: hana, ana viraka. Nafasi yake katika mbio: boya. Mahali pa kueleza kanuni iliyovunjwa nikaandika, kwa maneno yake mwenyewe, "Mtu hapiti juu ya mshipi wa mwenzake."

Mwenyekiti akaisoma yote, mbele na nyuma. Akasema kitabuni boya halina haki ya kulalamika. Akavua miwani, akaisoma tena, kisha akatoa pochi na kuhesabu noti mezani: kiokozi, nauli, ndoana.

Mzee akazikunja, akazitia kwenye kikoi, akabaki amekaa.

"Na kolekole?"

"Mzee, yule samaki hatumjui hata alikuwa mkubwa kiasi gani."

Mzee akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulikuwepo. Waoneshe."

Nikanyoosha mikono, na sikunyoosha kidogo.