Mgonjwa wa Sukari Anaambiwa Atembee. Nani Amemuuliza Magoti?

Mama mkubwa wangu anaishi Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wake wa 14 na sukari. Siku ya kliniki huondoka alfajiri bila kutia kitu mdomoni. Anakaa foleni, anatobolewa kidole, anapimwa presha na uzito, kisha anaingia kwa daktari. Na kila mara hurudi na maneno yaleyale: punguza wanga, meza dawa kwa wakati, fanya mazoezi, tembea nusu saa kila siku.

Safari iliyopita nilimsindikiza. Kutoka benchi la kusubiri hadi mlango wa daktari hazifiki hatua ishirini, naye alizipiga huku kashika ukuta. Daktari alikuwa ameinamia kadi. Akasoma namba za sukari, akauliza, "Mama, mazoezi unafanya?"

"Nafanya, mwanangu."

Tulipotoka nje nikamuuliza kwa nini hakusema kweli. Akanijibu, "Pale nimefuata sukari. Magoti ni baridi yabisi tu na utu uzima. Nikianza kuyaeleza na hayo, wenzangu walioko nyuma wataondoka saa ngapi?"

Jibu hilo limenikaa moyoni. Simlaumu daktari, maana foleni niliiona kwa macho yangu. Lakini nashikilia kwamba kumwambia mgonjwa wa sukari atembee bila kumuuliza magoti yake yana hali gani ni kumpa dawa asiyoweza kuimeza. Wala mama mkubwa si mgonjwa wa peke yake.

Marekani jambo hili limehesabiwa. Kila mwaka wanapiga simu kwa watu wazima jimbo kwa jimbo na kuwauliza juu ya afya zao. Katika takwimu za mwaka 2005 na 2007, zilizotolewa na kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, mwaka 2008, asilimia 52 ya watu wazima wenye kisukari walikuwa na ugonjwa wa viungo pia, yaani wa maungio ya mwili kama magoti na vidole. Zaidi ya nusu! Na si wazee peke yao: hata kwa wenye kisukari walio chini ya miaka 45, zaidi ya robo walikuwa nao.

Kilichonigusa zaidi katika taarifa ile ni hesabu ya wasiofanya mazoezi kabisa. Kwa watu wasio na kisukari wala ugonjwa wa viungo, walikuwa karibu asilimia 11. Wenye ugonjwa wa viungo peke yake, asilimia 17. Wenye kisukari peke yake, 21. Wenye yote mawili, karibu 30. Kwa hiyo anayehitaji mazoezi kuliko wote ndiye anayeshindwa kuyafanya, na kinachomzuia ni maumivu. Tumezoea kumwita mvivu.

Halafu kuna suala la unaishi wapi. Mwaka 2017, hata baada ya kusawazisha tofauti za umri, jimbo la West Virginia huko Marekani lilikuwa na zaidi ya theluthi moja ya watu wazima wenye ugonjwa wa viungo, wakati mji mkuu wa nchi, Washington, ulikuwa na takribani asilimia 16. Mwaka huohuo, kati ya wenye ugonjwa wa viungo, waliosema maumivu yao ni makali walikuwa asilimia 45 Mississippi na 21 tu Colorado. Kusini-mashariki mwa nchi hiyo kuna eneo wanaloliita mkanda wa kisukari, wilaya 644 katika majimbo 15, ambako kisukari kimejaa kuliko kwingine. Mississippi karibu yote imo humo, na West Virginia imo kwa sehemu kubwa. Ni sehemu zenye kipato kidogo, watu wazito, kazi za sulubu. Magonjwa haya mawili yanakaa nyumba moja kwa sababu yanalishwa na chungu kimoja.

Sasa turudi kwetu. Swali wanaloulizwa Wamarekani kwenye simu ni hili: je, umewahi kuambiwa na daktari au mtaalamu wa afya kwamba una ugonjwa wa viungo? Litafakari swali hilo ukiwa Tanga. Ni nani amewahi kumwambia mama mkubwa? Yeye ameambiwa na jirani, na shoga zake wa msibani, na muuza dawa. Angepigiwa simu ile angejibu hapana kwa uaminifu wote, na kwenye karatasi angehesabiwa mzima.

Tanzania ilifanya utafiti mkubwa wa magonjwa yasiyoambukiza mwaka 2012 kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa STEPS. Watu wa miaka 25 hadi 64 walipimwa, na takribani asilimia 9 wakakutwa na kisukari. Kazi nzuri, tena ya lazima. Lakini hojaji ya msingi ya STEPS inauliza tumbaku, pombe, matunda na mboga, mwendo, presha na sukari. Viungo havimo. Na kwa kuishia miaka 64 iliwaacha nje hasa wale ambao magoti yanawasumbua zaidi. Kwa hiyo mtu akiniambia kwetu tatizo hili ni dogo, namuuliza: limehesabiwa na nani?

Lugha yetu nayo inachangia. Tunasema "baridi yabisi", na neno lenyewe limeshatoa hukumu: ni baridi, imekausha viungo, jifunike, paka mafuta ya moto. Ndani ya neno hilo moja tumetia gegedu (mfupa laini) la goti lililolika, jongo (gauti) la kidole gumba cha mguu, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo, na ukakamavu unaoletwa na sukari yenyewe. Tiba zake hazifanani hata kidogo.

Huo ukakamavu wa sukari ndio wengi hawaujui. Sukari ikikaa juu miaka mingi hunatana na kolajeni, zile nyuzi zinazoshika ngozi, kano na mifuko ya viungo, na nyuzi hizo hukakamaa. Vidole vinakataa kunyooka. Bega linaganda hadi mtu hafiki nyuma ya mgongo wake, na wenye kisukari hupatwa na bega hilo mara nyingi zaidi kuliko wengine. Kuna namna rahisi ya kuchungulia mikono: mtu akutanishe viganja mbele ya kifua, kidole juu ya kidole, aone kama vinagusana vizuri.

Nilimwomba mama mkubwa afanye hivyo jioni moja tukiwa barazani. Akakutanisha. Ncha za vidole ziligusana, vitako vya viganja viligusana, lakini katikati palibaki uwazi ambao ungepitisha penseli. Akasukuma kwa nguvu. Uwazi haukuziba. Ndipo akaniambia jambo ambalo hajawahi kulitaja: mbuzi ya kukunia nazi ameiacha tangu mwaka juzi, kwa kuwa akishaikalia hawezi kuinuka, na kifuu hakishikiki mkononi. Mimi nilidhani ameamua tu kupunguza tui kwa ajili ya sukari.

Na maumivu hayo anayatuliza kwa nini? Hapa ndipo ninapoogopa kweli. Ndani ya mkoba wake nilikuta diklofenaki za duka la dawa, zimefungwa kwenye karatasi bila jina. Dawa za jamii hiyo zinaumiza figo, na figo za mgonjwa wa sukari ziko hatarini tayari, hasa akiwa anameza na dawa za presha. Mbaya zaidi ni deksamethazoni na prednisoloni, ambazo watu hupeana kwa siri kwa sababu zinaondoa maumivu haraka. Zinapandisha sukari. Mgonjwa anarudi kliniki namba ziko juu, anagombezwa kwamba amekula ugali mwingi, kumbe ni vidonge.

Hata dawa zinazoitwa za asili si kinga. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya umma kuhusu vidonge vya Artri King vilivyouzwa kama lishe ya viungo: maabara ilikuta ndani yake deksamethazoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Huko kuna maabara na onyo linatoka. Nafikiria ule unga wa dawa ya maumivu ya viungo unaouzwa stendi kwa kipaza sauti.

Ninachokitaka hakihitaji mashine wala bajeti mpya. Kwenye kadi ya kliniki ya kisukari, karibu na presha na uzito, iwekwe nafasi ya viungo. Nesi aulize maswali mawili wakati anapima uzito: kiungo gani kinakuuma, na unameza nini kwa ajili ya hayo maumivu. Amtazame akiinuka kwenye kiti bila kushika popote. Basi.

Baada ya hapo ushauri wa mazoezi unabadilika sura. Mwendo unaofaa haulimalizi goti. Unaimarisha misuli inayolibeba na kupunguza maumivu. Lakini uanze pale mgonjwa alipo: dakika tano asubuhi na tano jioni, kunyoosha mguu akiwa kitini mara kumi kumi, baiskeli kwa anayeiweza, maji ya bahari kwa sisi wa pwani ambao Mungu ametupa bure. Uzito nao una hesabu ya kutia moyo: watafiti waliopima watu wazito wenye magoti mabovu walikuta kila kilo moja inayopungua mwilini inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Mgonjwa akiambiwa hivyo anaelewa kwa nini apunguze, na anaona faida kwenye ngazi za nyumba yake kabla hata ya kuiona kwenye kipimo cha sukari.

Diklofenaki tumeziweka kando, na ameahidi kutozigusa mpaka daktari azione. Anasali kitini sasa, na kabla ya kusali ananyoosha miguu mmoja mmoja huku akihesabu kwa sauti. Kliniki yake ni Alhamisi ya wiki ijayo. Ameniomba nimwandikie nyuma ya kadi, kwa herufi kubwa, ili daktari akiigeuza tu ayaone: MAGOTI. VIDOLE. VIDONGE VYA MAUMIVU. Nimeandika.