Chini fuata OSI, juu fuata TCP/IP

Juzi nilikuwa na dogo mmoja wa fildi kwenye steshenari hapa Mwanga, Kigoma, intaneti imegoma na watu wamejaa wanataka kuprinti fomu. Nikapiga pingi 8.8.8.8, yani nimetuma ujumbe mfupi kwa seva ya Google kuona kama inajibu, inajibu vizuri, ila ukiandika jina la tovuti haifunguki, kwa hiyo DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa IP (namba ya anwani kwenye mtandao), ndo imekufa. Dogo akaniuliza tatizo liko leya gani, yani tabaka gani la kazi za mtandao, "Kaka, hii ni leya ya tano, ya sita au ya saba?" Nikamwambia badilisha DNS kwanza, akabadilisha, kurasa zikafunguka.

Ila lile swali limenikaa kichwani. Kijana amekariri jedwali lote la michoro miwili inayogawa kazi za mtandao kwa leya, OSI leya saba huku, TCP/IP nne kule: 5, 6 na 7 ni aplikesheni, 4 ni transpoti, 3 ni intaneti, 1 na 2 ni linki. Hakuna aliyemwambia kwamba hivi vitu havikuchorwa ili vifanane. ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, ilihamia TCP/IP tarehe 1 Januari 1983, OSI ikachapishwa 1984, yani mwenzake yuko kazini tayari. Ndo maana ARP haikai popote vizuri, inatafuta MAC (namba ya kifaa chenyewe) ya mwenye IP, mguu mmoja leya ya 2 mwingine ya 3, na TLS, ile inayoficha data isisomwe njiani, wengine wanaiweka ya 6 wengine ya 5 wakati yenyewe imekaa tu juu ya TCP ya leya ya 4.

Mimi msimamo wangu, chini fuata OSI, juu fuata TCP/IP. Waya (leya ya 1) na switchi, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta (leya ya 2), sio kitu kimoja jamani, kichwa cha waya kikilegea taa ya poti haiwaki, lakini taa ikiwaka halafu poti imewekwa VLAN nyingine, yani mtandao mwingine uliotengwa ndani ya switchi hiyohiyo, utabadilisha waya mpaka jioni bure, na TCP/IP inavirundika vyote kwenye linki. Huko juu sasa, zile za 5 (kusimamia mazungumzo) na 6 (kupanga muundo wa data) mara nyingi programu yenyewe ndo inazifanya, kumlazimisha mwanafunzi azitenganishe ni kumchosha. Zinabaki tano, yani 1, 2, 3, 4 na aplikesheni, na vitabu vingi tu vinafundisha tano.

Walimu wangu naomba, badala ya "linganisha leya" mpeni mwanafunzi swali la pingi inayojibu na tovuti isiyofunguka, mwone anaanzia wapi. Kesho naenda na dogo Ujiji, kuna switchi taa zinawaka na mtandao hakuna, nataka aanze yeye.