Maharage ya Mama na Pumzi Yake

Jiko la mama kule Lushoto lina masizi mpaka kwenye kenchi. Ukiingia tu, machozi yanakutoka. Yeye anainama kwenye mafiga, anapuliza kuni, anakohoa, anapuliza tena. Chunguni kuna maharage, pembeni unga wa dona na mboga za majani. Mlo wenyewe ni safi kabisa, sina la kuukosoa.

Ndiyo maana naona mazungumzo yetu kuhusu kula vizuri yana pengo. Tunahimizana kula dona kwa sababu imebaki na pumba na kiini cha mahindi. Tunakumbushana chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Yote kweli. Lakini mpishi anavuta nini wakati sisi tunasubiri sahani? Moshi wa kuni una chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Unachangia maradhi ya moyo na kiharusi, na mtoto aliye mgongoni mwa mama yake unamweka kwenye hatari ya nimonia.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Ila mtungi wa gesi ukiisha na hela ya kujaza hakuna, watu wanarudi kwenye kuni.

Mimi nilianza na bakuli. Nilimwambia mama tuloweke maharage usiku, akakataa, akasema yatapoteza ladha. Nikayaloweka kimyakimya. Asubuhi yalikuwa yamevimba, maganda yamekaza na kung'aa. Nikamwaga yale maji, nikabandika kwa maji mapya na kufunika. Yaliiva kuni za pili zikiwa bado zimeegemea ukuta. Mama aliyaonja, hakusema kitu. Jioni nilimkuta anachagua mengine, bakuli la maji liko tayari.

Sasa kuni tunazianika mpaka zikauke vizuri, na kusipokuwa na mvua tunapikia nje. Na jambo moja sina mzaha nalo: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya baridi. Ile hewa yenye sumu haina harufu, inaua watu usingizini.

Baada ya kuepua, tunakaa mkekani, mbali na moshi. Tunavuta pumzi polepole kwa pua hadi tumbo lipande, tukihesabu mpaka nne, tunaitoa mpaka sita. Dakika tano tu. Hilo halisafishi mapafu, asikudanganye mtu; linatuliza mapigo ya moyo na mwili. Kikohozi kikifika wiki mbili, ni hospitali.

Juzi mama kanipigia simu. Anataka mabati manne, aezeke banda la kupikia nje kabla ya masika.