Homa ya ini D: milioni 12 au milioni 70?

Homa ya ini D haimpati kila mtu. Kirusi chake, kilichogunduliwa na Mario Rizzetto huko Italia mwaka 1977, hakina gamba la kwake. Huazima la kirusi cha homa ya ini B. Asiye na B hapati D. Basi ungedhani hesabu ni nyepesi: wenye B walikadiriwa na Shirika la Afya Duniani kuwa milioni 254 mwaka 2022, wapimwe D, tujue.

Lakini makadirio yamepishana mno. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2019 ulitaja watu milioni 62 hadi 72. Mwingine wa 2020 ukasema milioni 12, yaani asilimia 4.5 ya wenye B.

Mimi naegemea hiyo ndogo. Anayefika kliniki ya ini mara nyingi keshaumwa: macho ya njano, tumbo limejaa maji. D huliharibu ini upesi kuliko B peke yake, kwa hiyo wenye D hujazana pale. Uchambuzi huohuo wa 2020 uliwakuta kwa asilimia 16.4 ya wenye B wanaohudhuria kliniki. Ukiichukua idadi ya kliniki ukaitandaza mtaani, utaongeza mamilioni wasiokuwepo.

Hata hivyo, wanaohofia kwamba tunahesabu pungufu wana hoja nzito. Mtu anajitolea damu, siku chache baadaye anapigiwa simu, anaketishwa pembeni na kuambiwa ana B. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo. D haitajwi kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya wa 2024 unataka damu yenye B ipimwe D papo hapo, kwanza kingamwili, yaani alama za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya D, kisha kirusi chenyewe. Naunga mkono bila kusita, kwani huyu mtu ana haki ya kujua anachokibeba.

Na wastani wa dunia unaficha mengi. Mongolia, D hukutwa kwa zaidi ya nusu ya wenye B. Barani Afrika, uchambuzi wa 2017 ulipata asilimia 25.64 ya wenye B upande wa kati, na 0.05 tu mashariki na kusini. Kati ya Kigoma, Tanzania, upande wa mashariki, na Kalemie, Kongo, upande wa kati, kuna Ziwa Tanganyika tu, na watu huvuka kila wiki. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kweli. Nyingine, nahisi, ni ya waliopimwa na wasiopimwa.